Siku Uliyosoma Mbele ya Baba Yako wa Ubatizo

Kaneza mwanangu,

Salamu nitakupa kwa mdomo kesho pikipiki ikija kukuchukua, nisije nikaimaliza karatasi kwa hujambo na sijambo. Umekwenda Bugendana na baba yako kumuaga bibi, mvua imeanza, na bibi yako namjua, hatawaacha mtoke kabla hamjala. Kwa hiyo nina nafasi. Nimemfukuza kuku mezani, nimekaa.

Nakuandikia Kiswahili kwa sababu ndicho nilichojifunzia kusoma upande ule wa Tanzania, kambini Ngara. Kirundi nakisema vizuri kukushinda wewe, lakini nikikiandika kinanitoroka. Usinicheke herufi. Sasa umekuwa mtu wa gazeti, utayaona makosa kabla hujayaona maneno. Leo yaache yapite.

Sitakwambia ufue, ule, usali. Hayo kama huyajui mpaka leo basi nimeshindwa zamani, na barua haitaniokoa. Nataka nikusimulie siku ile uliyosoma mbele ya baba yako wa ubatizo. Utasema, mama naye, ile si nilikuwepo? Ulikuwepo, lakini ulikuwa umeshika karatasi. Mimi nilikuwa nimesimama upande mwingine, na upande ule mambo yalikuwa mengine kabisa. Halafu mwishoni nina jambo ambalo hulijui. Usirukie chini! Nakujua.

Unakumbuka nilivyowaka ulipokuja kusema unataka kuliandikia gazeti. Nilikuwa napepeta maharage, nikauweka ungo chini. Gazeti! Mtoto niliyemtaka awe muuguzi, avae nyeupe, watu wamwamkie kwa heshima njiani! Nikakwambia ulimi huponza kichwa, nikaongeza langu kwamba kalamu huponza ukoo mzima. Baba yako, ambaye akisema maneno matatu kwa siku tunaita majirani, akasema, "Mwache. Amerithi ulimi wako, acha aufanyie kazi." Nilimnunia jioni nzima.

Wakati ule gazeti lenyewe sikulielewa. Nilikuwa nalisikia tu Jumapili, mtu akilisoma kwa sauti nje ya kanisa baada ya Misa, maana hapa kwetu watu wengi wanasoma kwa masikio. Nikajua ni la Wakatoliki, nikadhani basi litakuwa la mikutano ya vyama vya kitume, nani amepewa upadri, kwaya ipi imeshinda. Kumbe linauliza kwa nini mbolea imefika kwa wengine na haikufika kwa wengine. Linauliza mjane wa Nyarusange amenyang'anywa shamba kwa neno la nani. Na si la askofu, si la padri, si la mfanyabiashara. Ni la walei, waumini wa kawaida, waliojikusanya Gitega, wakakataa mtu yeyote awaambie wanyamaze wapi. Nilimuuliza mhariri wenu siku ile alipokuja kututembelea, yule mama aliyekuwa mwalimu. Nikamwambia, "Samahani dada, gazeti la Wakatoliki linawasemaje Wakatoliki?" Akanijibu huku anamenya ndizi zangu, "Mama Kaneza, kama kwetu hatufagii, tutakwenda kufagia kwa nani?" Nikamsogezea ndizi nyingine amenye.

Lakini kilichonishinda zaidi ni ule utaratibu wenu. Kwamba habari ya watu haiendi kuchapwa mpaka kwanza isomwe mbele yao, palepale mambo yalipotokea, wote wakisikia, na anayetajwa ana haki ya kusimama na kusema hapo umekosea. Nilijiambia, hawa wamerogwa. Nani anamwonyesha nyoka fimbo kabla ya kumpiga? Sikujua kwamba utaratibu huo utaanza na sisi.

Ikaja habari ya bonde.

Bonde la parokia ndilo lililokulea, nakuandikia hivi usisahau hata ukiwa mtu mkubwa. Tuliporudi kutoka Tanzania tulikuta shamba la babu yako lina wenyewe, watu waliokaa wakati sisi tumekimbia, na wao pia walikuwa na watoto. Tulipewa kipande cha juu, udongo mwekundu, unapanda muhogo na unamwomba Mungu. Padri wa zamani, Mungu amrehemu, ndiye aliyewagawia waliorudi bonde lile walime maharage kiangazi. Hakuandika popote. Alisema tu kwa mdomo wake, na neno lake lilitutosha. Alipokufa likabaki neno la marehemu, na kamati ya parokia ikaanza kusema bonde litachimbwa mabwawa ya samaki, apewe tajiri mmoja wa mjini. Mwenyekiti wa kamati akawa Mzee Salvatori. Baba yako wa ubatizo.

Hapo ndipo moyo wangu ulipokatika vipande. Salvatori si mtu mbaya, na nakuomba usimfanye mbaya hata huko uendako. Tulipofika hapa hatuna hata jembe, yeye ndiye aliyetoka kwake akaja kutushika mikono wakati wengine wanatuchungulia. Alitupa kibanda chake cha nyuma. Wengine waliogopa kumsimamia mtoto wa waliorudi, maana ukimsimamia mtoto umekuwa ndugu wa wazazi wake, na ugomvi wa mashamba ulikuwa moto. Salvatori alikubeba, akasimama mbele ya altare, akasema ndiyo mimi.

Sasa wewe ukarudi kutoka bondeni na karatasi zako, ukaniambia jina lake limo.

Nilikuomba. Unakumbuka nilivyokuomba? Nikakwambia andika "mwenyekiti", jina liache. Ukaniangalia na yale macho ya baba yako, ukasema, "Mama, mwenyekiti kilimani hapa ni mmoja. Nikificha jina nitakuwa nimedanganya, na kila mtu atakuwa amejua." Nikakasirika kwa sababu ulikuwa umesema kweli.

Basi nikafanya la kwangu. Hii unaijua nusu. Jumamosi, wewe uko Gitega, nilichukua mtungi wa urwarwa, ile pombe ya ndizi niliyokuwa nimeitunzia sikukuu, nikaubeba kichwani mchana kweupe mpaka kwa Salvatori. Nilitaka tu asikie kwangu kabla hajasikia uwanjani. Na kwetu, jambo zito huliendei mikono mitupu, hata mtoto anajua. Akanipokea vizuri, akasikiliza, hakupandisha sauti. Kisha akatoka mlangoni akawaita majirani waje wanywe. Nikasema moyoni, ona ukarimu wa mzee huyu!

Ukarimu! Nilikuwa nimekaa kambini utoto wangu wote, mila nimezisikia kwa kuhadithiwa, nikasahau kwamba pombe iliyonywewa mbele ya mashahidi ni pombe ya kuomba radhi. Wakishainywa, shauri limekwisha. Nimekosa, umenisamehe, hakuna wa kulifufua. Mimi nilibeba heshima, yeye akanywa msamaha, na majirani wakafuta midomo wakaenda kuitangaza habari. Baba yako aliponiona narudi na mtungi mtupu alishika kichwa. "Gaudensia," akaniambia, "umemuuza mtoto kabla hajasoma."

Jumapili ile Misa sikuisikia. Nilikuwa naimba na kwaya lakini sijui niliimba nini. Tukatoka, watu wakasimama uwanjani, wewe ukapanda kwenye ngazi na karatasi yako, mhariri yuko pembeni. Nilikuona ulivyo mdogo. Yezu Maria, nilitamani nije nikufunge kitambaa vizuri.

Hujamaliza hata sentensi ya kwanza, Salvatori akainua fimbo. "Mwanangu, shuka," akasema, tena kwa upole. "Mama yako alikuja kwangu. Tulikunywa. Hawa ni mashahidi. Kwetu jambo likishanywewa halisemwi." Na majirani wale wakaitikia, ego, ndiyo, tulikunywa. Ukanitafuta kwa macho. Wewe ulifikiri nimekuchongea. Ulifikiri hivyo, usikatae, niliona uso wako.

Kaneza, mimi ni mtu wa maneno mengi jikoni. Mbele ya watu nilikuwa sijawahi kusema. Kambini tulifundishwa kupanga mstari na kunyamaza, anayesema sana jina lake linarukwa kwenye mgao. Niliporudi huku nikanyamaza tena kwa sababu nilikuwa mgeni kwetu. Makosa yangu mengi maishani hayakuwa ya kusema, yalikuwa ya kunyamaza mahali palipotaka neno moja, kisha kwenda kupeleka neno lile kwa mlango wa nyuma. Ule mtungi ulikuwa wa namna hiyo. Siku ile miguu yangu ilienda mbele yenyewe. Nikasikia sauti yangu inasema, "Pombe ni yangu. Nimekosa mimi, na mkitaka nitaomba radhi ya kubeba pombe bila kujua ninachobeba. Lakini maneno ni ya huyu mtoto. Hakunituma. Bonde halikunywewa."

Watu wakacheka kidogo, si kwa ubaya. Yule bibi wa jirani, asiyeogopa mtu, akapiga kelele kutoka nyuma, "Asome! Mi nataka kusikia na habari ya samaki!" Ndipo ukasoma.

Sasa nakuja kwenye sababu ya barua. Watu hapa wanakusifu kwa kusoma bila kutetemeka. Uongo, ulitetemeka, karatasi ilikuwa inacheza. Mimi sikusifii hilo. Uliposoma pale ulipoandika kwamba kamati haikumwambia mtu hata mmoja, Salvatori akasema, "Hapo umekosea. Niliwaambia akina mama wa kwaya, siku ya mazoezi." Mimi niko kwaya, na siku hiyo sikwenda, nilikuwa na homa. Ukageuka ukawauliza akina mama. Wakatazama chini. Mwishowe mmoja akasema kweli, alituambia, tukaogopa kupeleka maneno.

Ukatoa kalamu. Palepale kwenye ngazi, kila mtu anakuona, adui na rafiki, ukakata sentensi yako mwenyewe, ukaandika nyingine juu yake, ukaisoma upya: kwamba mwenyekiti aliwaambia wanakwaya, na wenye mashamba hawakuitwa. Ukamuuliza, "Baba, sasa ni sawa?" Akasema, "Ni sawa." Baada ya hapo hakuwa na la kupinga hata moja, maana ungemwonea angekuwa na pa kushika.

Pale ndipo nilipolia. Ulidhani nalia kwa aibu. Nililia kwa fahari, mwanangu. Nimeona watu wakubwa, wenye ofisi na mihuri, wanakufa na sentensi yao ya uongo mdomoni kuliko kuikata mbele ya watu. Wewe uliikata. Nikasema, huyu nimemzaa mimi? Nikasema ndiyo, nimemzaa mimi, na mtu asinibishie.

Yaliyofuata unayajua. Gazeti likatoka, likafika hata kwa padri mpya ambaye kumbe hakuwa ameelezwa vizuri, mabwawa yakasimamishwa, watu wakapanda maharage yao. Salvatori akaacha kupita njia yetu. Hilo linakuuma, najua, maana juzi ulikwenda kumuaga ukarudi mapema mno. Usimkimbize. Mtu aliyesema "ni sawa" mbele ya kilima kizima amelipa kiasi chake, mwache apumzike. Nami nitaendelea kumsalimia hata asipoitika, kwa sababu kibanda alitupa.

Sasa wenzako wa gazeti wanakupeleka Muyinga uwe sikio lao kule, mwandishi wao wa kwanza kabisa. Ulipotaja Muyinga nilicheka, ukaniuliza nacheka nini. Nacheka kwa sababu Muyinga ndipo ulipookolewa. Tulipovuka kutoka Ngara ulikuwa mgongoni mwangu unawaka homa, lori likasimama mjini, nikashuka, nikakaa kwenye baraza la fundi cherehani kwa kuwa lilikuwa na kivuli. Wenyewe Waislamu, na mimi rozari shingoni. Hawakuuliza. Mama mwenye nyumba alikuchukua mikononi mwangu, akakuosha, akakulaza juu ya vitambaa vya wateja. Ulitapika kanzu ya mtu! Nikataka ardhi inimeze. Yule mama akasema, "Tutafua. Mtoto hafuliwi." Binti yake ndiye Mama Zuhura utakayekaa kwake, na cherehani bado iko barazani palepale. Nilipompigia simu hakuniacha nimalize. "Mlete, mlete, chumba iko, chakula iko, mi niko." Basi ndivyo wanavyosema kule, usijifanye mwalimu wa sarufi.

Na ukiwa kwao, kama kuna jambo la mafundi na wachuuzi wa msikitini linalotaka kusemwa, gazeti lenu ni la Wakatoliki lakini wewe ulilazwa juu ya vitambaa vyao. Sina zaidi ya hapo.

Haya. Nadhani mvua inapungua, niseme lile jambo.

Wiki iliyopita kamati ilipima bonde upya. Kila mtu alipewa kipande chake na kigingi chake. Chetu hakikuwepo. Nikauliza, nikaambiwa labda kimesahaulika, labda msimu ujao. Maharage yetu yaliyokwisha kutoa maua yako sasa ndani ya kipande cha mtu mwingine, na mtu huyo ni mpwa wa mmoja wa wanakamati. Si Salvatori aliyefanya, sikumwona pale, na sitamsingizia. Mtu amefanya. Baba yako anajua. Tulikuficha kwa sababu tulijua ukisikia hutakwenda Muyinga, utakaa hapa kupigania ukanda wa maharage, nao watakuwa wamekupata.

Jumanne nilipokuambia nakwenda Gitega kununua mbegu, nilikwenda kwenye ofisi yenu. Nilitetemeka kuliko wewe. Mhariri akanikalisha, akasikiliza mpaka mwisho, akauliza kama amwambie Kaneza aiandike. Nikamwambia hapana, mtu haandiki ya nyumbani kwake, tena Kaneza ana safari. Akanipa dada mwingine, Florida, yule mrefu. Amekuja hapa wewe ukiwa kisimani, amepima kwa miguu yake, amekwenda kwa yule mpwa pia kumuuliza, maana ndivyo mnavyofanya. Jumapili hii atasoma uwanjani, nami nitasimama kando yake kuwajibu watakaouliza.

Akaniuliza niandikwe vipi. Akasema akina mama wengi huomba waandikwe "mkulima mmoja", na yeye hawalaumu. Nikamwambia mimi aniandike kama nilivyobatizwa na kama nilivyozaliwa, na kilima akitaje.

Usirudi. Nasema usirudi, Kaneza, hata kwa siku moja. Kama nimekosea mahali watanisahihisha mbele ya watu, nami nitakubali, nimeona inavyofanywa. Tukilipata bonde, tutakula maharage. Tukilikosa, muhogo upo, na hatutakufa. Lakini Jumapili saa ya Misa, ukiwa Muyinga, simama kidogo ujue kwamba nami nimesimama, na ngazi zile nazipanda mimi.

Mama yako,

Gaudensia Nizigiyimana, mkulima